Abaki au Aende: Hesabu ya Machi

Kazi yangu ni kuchambua mikataba ya wachezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na mwezi unaoninyima usingizi ni Machi. Mwaka wa ligi huanza katikati ya mwezi huo, na siku hiyo kila timu lazima iwe ndani ya kikomo cha mishahara, yaani jumla ya juu kabisa ambayo malipo ya wachezaji wake yanaruhusiwa kufika kwa mwaka. Kikomo kilipoanza mwaka 1994 kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilifika milioni 279.2, na bado kuna timu zinazoingia Machi zikihema.

Mashabiki huniuliza kama fulani bado ni mzuri kiasi cha kubaki. Sianzii hapo. Naanza na daftari: akiondoka leo, ni nafasi kiasi gani inafunguka chini ya kikomo?

Tuchukue mkataba wa kubuni. Beki amesaini miaka mitano na kupewa bonasi ya kusaini ya dola milioni 25. Fedha anazipata mapema, ila kwenye hesabu za ligi zinagawanywa, milioni 5 kila mwaka. Miaka miwili imepita, magoti yameanza kulalamika, na mshahara wake wa mwaka wa tatu, ambao haujadhaminiwa, ni milioni 8. Akibaki anakula milioni 13 za kikomo. Ukimwacha, mshahara unafutika, lakini bonasi ambayo haijahesabiwa, milioni 15, inakudondokea yote mwaka huu. Yaani kumtimua kunakula milioni 2 zaidi ya kumlipa acheze! Hizo milioni 15 ndizo pesa mfu.

Kuna mlango wa uani. Kila mwaka timu inaruhusiwa kuwaacha wachezaji wawili mapema lakini wahesabiwe kama walioachwa baada ya Juni 1. Kwa beki wetu, mwaka huu ungebeba milioni 5 na mwaka ujao milioni 10. Umeokoa milioni 8, sawa, ila hutazigusa mpaka Juni, na kufikia hapo wachezaji huru wa maana wameshapata timu. Ndiyo maana sishangilii nikisikia timu imeupitia mlango huo.

Hata hivyo pesa mfu isikutishe kupita kiasi. Imeshalipwa, mchezaji abaki au aende, hairudi. Mwaka 2024 Denver Broncos walimwacha Russell Wilson na kubeba takribani milioni 85 za pesa mfu kwa misimu miwili. Msimu huohuo walifika mchujo, kwa sababu kwotabeki wao mpya (kiongozi wa mashambulizi na mrushaji wa pasi), Bo Nix, alitoka kwenye drafti, ule uteuzi wa wachezaji chipukizi wa kila mwaka, na mkataba wake ulikuwa mdogo.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia: nani atajaza pengo, na kwa bei gani? Machi 2022 Kansas City Chiefs walimpeleka Miami mpokeaji wao (mdakaji wa pasi) Tyreek Hill, wakapata nafasi tano za kuchagua kwenye drafti. Wengi walisema wamejikata mguu. Wakatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, misimu miwili mfululizo. Lakini walikuwa na kwotabeki Patrick Mahomes, na mtu wa aina hiyo huwafanya wapokeaji wa kawaida waonekane ghali. Ukiwa huna mtu kama yeye, usiige.

Mimi mwenyewe nimeshaumbuka. New York Giants walipomwacha mkimbiaji wao (mchezaji anayebeba mpira na kukimbia nao), Saquon Barkley, mwaka 2024 niliwatetea: mkimbiaji huchakaa haraka, na mbadala wake hupatikana kwa bei nafuu. Philadelphia Eagles wakampa miaka mitatu kwa dola milioni 37.75. Akakimbia yadi 2,005 msimu huo, na Februari 2025 timu yake ikawafunga Chiefs 40–22 kwenye Super Bowl.

Kuhusu umri na bei za wakimbiaji bado sijabadili msimamo. Nilichosahau ni wale majitu wa Philadelphia waliokuwa mbele yake wakizuia wapinzani na kumfungulia njia. Sasa jedwali langu lina safu ya ziada, kabla ya ile ya mshahara: atacheza nyuma ya nani?