Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo na Seli Zao: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyozaa nyingine nyingi ni ile isemayo kwamba wanyama wasio na uti wa mgongo ni kikundi kidogo cha viumbe duni, ambacho mwanafunzi hukipitia haraka ili awafikie samaki, ndege na mamalia. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama zinazojulikana hazina uti wa mgongo, na spishi za wadudu peke yake zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi zinazidi milioni 1. Tena wanyama hao si wa ukoo mmoja. Pweza, nyungunyungu, buibui na kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) wamewekwa pamoja kwa sababu ya kitu wasicho nacho tu, ilhali katika uainishaji wa leo kiti cha pweza huwekwa katika tawi moja na wanyama wenye uti wa mgongo, si katika tawi la pweza.

Kosa la kumwita buibui mdudu ni jepesi kulisahihisha. Mdudu ana miguu sita, vipapasio, na mwili uliogawanyika sehemu tatu. Buibui ana miguu minane, hana vipapasio, na mwili wake una sehemu mbili. Nge, kupe na papasi wako upande wa buibui. Jongoo na tandu hawamo katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Wapo pia wanafunzi wanaoamini kuwa sponji na matumbawe ni mimea, kwa kuwa hukaa mahali pamoja na mengine yana umbo la matawi. Hapa jicho halitoshi, na ni lazima kuuliza seli zenyewe. Seli za sponji hazina ukuta wa seli wala kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya kutengenezea chakula kwa mwanga; baadhi yake zina kijimjeledi ambacho huvuta maji ndani ya mwili, na chembe za chakula zilizomo hunaswa na kumeng'enywa. Mwaka 1907 Henry Van Peters Wilson, mwanazuolojia wa Marekani, alikamua sponji hai kupitia kitambaa chenye matundu madogo sana hadi seli zake zikatengana, kisha akaona seli hizo zikitambaa, zikikutana na kujiunga tena kuwa sponji. Matumbawe nayo hujengwa na wanyama wadogo wenye mdomo na mikono ya kunasia mawindo. Usanisinuru unaotokea humo hufanywa na mwani unaoishi ndani ya seli zao, na bila shaka huo ndio unaowachanganya wengi.

Dhana nyingine inayodumu ni kwamba nyungunyungu akikatwa vipande viwili huwa nyungunyungu wawili. Ubongo wake, mishipa inayosukuma damu na viungo vya uzazi viko katika pingili za mbele. Kipande cha mbele, kikibaki na pingili za kutosha, kinaweza kupona na kuotesha mkia. Kile cha nyuma hujinyonganyonga kwa muda kwa sababu kila pingili ina fundo lake la neva, lakini kwa kawaida hufa. Kujinyonganyonga huko ndiko kunakodhaniwa kuwa uhai mpya. Mnyama mwenye uwezo huo kweli ni planaria, mnyoo bapa wa majini, ambaye kipande kidogo cha mwili wake kinaweza kukua kikawa mnyama mzima, kichwa kikiwemo. Siri yake iko katika seli: mwili wake umejaa seli shina ambazo katika utu uzima bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina yoyote anayohitaji.

Kuhusu damu, husemwa kwamba wadudu hawana damu kwa kuwa mende akipondwa haonekani kutoa kitu chekundu. Wadudu wanayo, ila haipiti ndani ya mishipa mwili mzima, bali huzunguka viungo moja kwa moja. Haina himoglobini, protini nyekundu ya kubeba oksijeni, kwa sababu, kwa karibu wadudu wote, haina kazi ya kubeba oksijeni: hewa huingia kupitia vitundu vilivyo ubavuni na kupelekwa na mirija myembamba hadi kwenye seli. Wekundu unaoonekana mbu anapopondwa ni wa damu aliyoinyonya kwa mwingine. Pweza na kaa hubeba oksijeni kwa himosianini, protini yenye madini ya shaba, kwa hiyo damu yao ikipata oksijeni huwa ya buluu. Nyungunyungu ana himoglobini, lakini imeyeyuka ndani ya majimaji ya damu, haimo ndani ya seli nyekundu kama yetu.

Nikigeukia seli yenyewe, kosa linalonisikitisha zaidi ni kusema kwamba seli ya mmea ina kloroplasti mahali pa mitokondria, vijisehemu vinavyovunja sukari ili kutoa nishati. Mmea una vyote viwili, kwa kuwa sukari iliyotengenezwa kwa mwanga ni lazima ivunjwe ili itoe nishati, usiku na mchana. Vilevile ukuta wa seli hauchukui nafasi ya utando. Utando upo, umekaa ndani ya ukuta.

Wengine hufikiri kwamba mnyama mkubwa ana seli kubwa. Kwa sehemu kubwa tofauti iko katika idadi, na seli iliyo kubwa kupita kiasi huwa na sababu yake. Ngisi ana nyuzi za neva zinazoweza kufikia unene wa milimita 1, ambazo humwezesha kubana misuli yake ghafla na kukimbia hatari. Kwa kuingiza waya ndani ya nyuzi hizo, Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza walieleza mwaka 1952 jinsi ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na potasiamu zinavyosafirisha taarifa katika neva, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Mwisho ni imani kwamba seli ikifa mwilini ni lazima kuwe na ugonjwa au jeraha. Mnyoo Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa takribani milimita 1, huunda seli za mwili 1,090 anapokua akiwa huntha (mwenye jinsia zote mbili), na 131 kati yake hufa kwa mpango wakati ule ule kwa kila mnyoo, zikabaki 959. Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyohusu mnyoo huyo, na jeni zinazoamuru kifo hicho zina ndugu zake katika seli za binadamu, ambamo huondoa utando wa ngozi kati ya vidole vya mtoto kabla hajazaliwa.