Farasi Hawakimbii kwa Njia: Kuhusu Namba ya Geti na Kona za Champ de Mars

Hoja ni ileile kila msimu. Mtu anatazama mbio za farasi za Champ de Mars, uwanja wa Port Louis, Mauritius, kwenye simu, anaona farasi wa geti la kwanza, yaani aliyeanzia karibu kabisa na ndani, ameshika uzio wa ndani mpaka mwisho na kushinda, basi anatoa hukumu: wa nje wameonewa, wachorewe njia kama pale uwanja wa riadha wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kila farasi na njia yake, waanze kwa kupishana, haki itapatikana. Arusha ni mji wa wakimbiaji, kwa hiyo hoja hii inasikika ya kitaalamu. Si ya kitaalamu hata kidogo. Na wapo wanaoendelea kusema kwamba uwanja wenyewe wa Sheikh Amri Abeid ungetosha kwa farasi. Hao nitawafikia.

Kwanza hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Kila mita moja unayosogea nje ya uzio inakuongezea mita 6.28 kwa mzunguko mzima. Ndiyo maana kwenye riadha ya mita 400 mkimbiaji wa njia ya nane anawekwa mita 53.03 mbele ya wa kwanza, na njia zenyewe zina upana wa mita 1.22 tu. Farasi anayekwenda kasi na mpandaji wake hawatoshi hapo. Mpe mita 1.5, na hiyo ni kwa ubahili. Farasi kumi wanahitaji mita 15. Champ de Mars ina upana wa mita 12 hadi 14. Umeshakwama kabla hujaanza. Tuseme hata uwanja ungetanuliwa: farasi wa njia ya kumi angeanza karibu mita 85 mbele ya wa kwanza, kwenye mzunguko wa takriban mita 1,300. Mageti ya kuanzia ni fremu moja inayofunguka kwa mpigo mmoja, tena huvutwa kutoka sehemu moja hadi nyingine kulingana na umbali wa mbio. Ungehitaji mageti kumi yaliyotawanyika, na farasi waliotengana. Farasi ni mnyama wa kundi, na mbio zake zinategemea awe karibu na wenzake.

Mfano sahihi wa riadha tunao hapahapa nchini. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.16, hakuwa na njia yake. Alitoka mbele mapema, akashika ndani, akawaacha wengine watafute pa kupita. Hivyo ndivyo mbio za farasi zilivyo. Nafasi inatafutwa, haigawiwi.

Sasa kwa nini Champ de Mars imebana namna ile? Kwa sababu haikupimwa kwa ajili ya farasi wa mbio. Ulikuwa uwanja wa mazoezi ya jeshi la Wafaransa. Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1810, na mwaka 1812 Kanali Edward Draper akaanzisha Mauritius Turf Club. Mbio za kwanza zilikimbiwa Juni 25 mwaka huohuo. Katika nusu ya kusini ya dunia hakuna uwanja wa farasi mkongwe kuliko huo. Mji ukakua ukauzunguka, milima ipo nyuma, na katikati yake pana kaburi la Gavana Malartic. Bendera ya uhuru wa Mauritius ilipandishwa hapo Machi 12, 1968. Uwanja wa namna hiyo hauhamishwi wala hautanuliwi, unatunzwa ulivyo. Happy Valley ya Hong Kong nayo ni hivyohivyo: bonde la kinamasi lililokaushwa, mbio za kwanza mwaka 1846, leo limezungukwa na maghorofa pande zote.

Hapa ndipo ningependa watu watulie. Namba ya geti ina maana, ila si kwa sababu wanayoitaja. Geti la nje lenyewe halikuongezei umbali wowote. Kinachokuongezea ni kubaki nje wakati kona inapinda. Farasi aliyekwama mita 2 nje kwenye kona ya nusu duara anapoteza mita 6.3 hivi, yaani chini kidogo ya urefu wa farasi watatu. Mbio nyingine huamuliwa kwa urefu wa pua tu, kwa hiyo hiyo ni hasara kubwa. Lakini swali la kuuliza ni hili: kutoka getini hadi kona ya kwanza pana mita ngapi? Zikiwa nyingi, mpandaji wa nje ana muda wa kuingia ndani taratibu na faida ya geti la kwanza inapungua sana. Zikiwa chache, wa nje ana mambo mawili tu: amchoshe farasi wake mapema ili avuke mbele ya wenzake, au akubali kuzunguka kwa nje. Chester ya Uingereza, wanakokimbia tangu 1539, inapinda karibu muda wote, na kwenye mbio fupi namba ndogo za geti zinajulikana kwa faida yake. Champ de Mars inaongeza ugumu wa pili: mnyoosho wa mwisho, yaani sehemu iliyonyooka ya kumalizia, ni mita 225 hivi. Kwa mwendo wa mita 16 kwa sekunde hizo ni sekunde 14. Aliye nyuma hana muda wa kurekebisha kosa.

Bado kuna ardhi yenyewe. Uzio wa ndani ukikaa mahali pamoja, farasi wote wanakanyaga ukanda uleule na majani yanakufa. Kwa hiyo unasogezwa. Happy Valley wana nafasi zenye majina, A, B, C, na C+3 ambayo ni mita 3 nje ya C. Mita 3 hizo zinaongeza karibu mita 19 kwenye mzunguko, na mageti lazima yasogezwe ili umbali uliotangazwa ubaki wa kweli. Ukanda uliopumzishwa ukifunguliwa, ndani panakuwa pazuri kuliko nje. Baada ya wiki kadhaa inageuka. Anayesema "ndani ni bora siku zote" hajui uzio ulikuwa wapi wiki iliyopita.

Ugumu wa ardhi hupimwa kwa penetromita: uzito wa kilo moja unaangushwa kutoka mita moja juu ya chuma chenye ncha ya sentimita moja ya mraba, mara tatu, unasoma kilivyozama. Halafu vipimo vyote vinajumlishwa vinatolewa wastani mmoja. Wastani huo siuamini. Kona laini na mnyoosho mgumu vinaweza kutoa namba ileile na uwanja ulio sawa kote, na miguu ya farasi haikanyagi wastani. Hata takwimu za mageti zina shaka hiyohiyo: zinachanganya umbali, hali ya majani na uamuzi wa wapandaji, na hakuna anayevitenganisha kwa uhakika.

Sheikh Amri Abeid, basi. Kona ya riadha ya mita 400 kwa kiwango cha sasa ina nusu kipenyo cha mita 36.5. Farasi wa kilo 500 akiingia hapo kwa mita 16 kwa sekunde lazima alale nyuzi 35 hivi, kama bodaboda anayekata kona kwa fujo, na mguu mmoja wa mbele ubebe zaidi ya mara mbili ya uzito wa farasi mzima. Atateleza au atavunjika. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 100 inashusha mlalo hadi nyuzi 15, na ukiinua ukingo wa nje wa kona unamsaidia zaidi.

Anayetaka uwanja Arusha kwa dhati apige hesabu hii: kona mbili zenye nusu kipenyo cha mita 100, minyoosho miwili ya mita 336, upana wa mita 13. Hapo ni mstatili wa mita 562 kwa 226, ekari 31, bila mabanda wala jukwaa. Akwepe udongo wa mbuga, maana kiangazi unapasuka na masika unanata. Udongo wa majivu ya volkano unapitisha maji vizuri ila hubomoka ukikanyagwa, kwa hiyo apande majani ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na mizizi yake inafuma ardhi, ayakate kwa sentimita 10. Farasi wachanjwe dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika na walale ndani kabla ya magharibi, usubi unapoanza kuuma. Na kabla ya kila mbio apite na fimbo, aichomeke mita 1, mita 4 na mita 8 kutoka kwenye uzio, kwenye kona na kwenye mnyoosho, aandike kila tundu peke yake, na karatasi hiyo aibandike ukutani wapandaji waisome.