"Mwalimu, Sina Moyo wa Kuimba": Dhana Potofu Kuhusu Kumsifu Mungu

Ujumbe wenyewe nimeshaukariri: "Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Naomba nipumzike kwaya kwanza, sina moyo wa kuimba." Huja baada ya msiba, baada ya mtu kusimamishwa kazi, au kusi linapovuma siku nyingi, ngalawa zimelala ufukweni na marejesho ya vikoba yanasubiri. Kupumzika sikatai, mfiwa ana haki ya kukaa kwake. Kinachonichosha ni sababu inayofuata: "Nikimsifu Mungu huku nalia nitakuwa mnafiki."

Jamani, nani aliwafundisha hivyo? Ujumbe huohuo umeanza na "Tumsifu"! Nenda kwenye matanga yoyote ya Wakatoliki hapa Bagamoyo. Watu wanaingia wakisema "Tumsifu Yesu Kristo," na mjane aliyekaa mkekani, sauti imemkauka, anajibu, "Milele na milele, amina." Sijaona mtu akimwita mnafiki.

Sifa haikuwekwa kwa ajili ya wenye furaha peke yao. Fungua Zaburi ya 13: mtunzi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne katika aya mbili za mwanzo, na aya ya mwisho anamwimbia. Katikati hapo hatuambiwi kwamba adui ameondoka. Zaburi ya 88 ni nzito zaidi, inaishia gizani kabisa, na bado imo katika kitabu kilekile tunachotolea nyimbo za katikati, zile za kuitikia kati ya masomo ya Misa. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane miguu ikiwa kwenye mkatale. Na Mathayo 26:30 watu huipita mbio wakiwahi Gethsemane: Yesu na wanafunzi wake waliimba kwanza, ndipo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Ilikuwa Pasaka, na desturi ya Wayahudi ni kuimba katika mlo huo Zaburi za sifa, 113 hadi 118, za mwisho zikiufunga. Aliimba usiku uleule wa kusalitiwa, naye alijua.

Hata kwetu hapa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wengi wa Wakristo wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani, watoto wengi miongoni mwao, waliotenganishwa na ndugu wasiowaona tena. Sifa za Kikristo hapa Bagamoyo zilianza katika vinywa vya watu hao. Halafu wewe unaniambia usubiri mambo yanyooke?

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule, na wanakwaya wananicheka nao: njoo ukae mahali pako pa kawaida, usiimbe. Mama mmoja wa alto, sauti ya chini ya wanawake, alirudi baada ya kumzika mumewe, akakaa kafunga mdomo, kitabu mapajani, ukurasa haufunuliwi. Nikawakataza wenzake kumgusagusa na kumuuliza. Jumapili moja, kwenye kiitikio cha wimbo wa katikati, nikasikia alto imeongezeka. Yeye alikuwa bado analia, na noti alizipiga sawasawa. Wenzake walikuwa wamembebea sauti muda wote ule. Ndiyo maana tunaimba wengi.

Sasa dhana nyingine potofu, kwa ufupi.

Kwamba Kwaresima hakuna kumsifu Mungu: si kweli. Tunaacha Aleluya mpaka Mkesha wa Pasaka, na wimbo wa Utukufu isipokuwa siku za sherehe na sikukuu, kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi. Lakini "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" inaimbwa Misa zote.

Kwamba ukimsifu Mungu kwa nguvu lazima akupe unachotaka. Hii ni biashara. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli walisema Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, na hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu. Katika Misale, kitabu cha sala za Misa, kuna utangulizi, yaani sala inayotangulia "Mtakatifu", unaosema wazi kwamba sifa zetu hazimwongezei Mungu kitu; zinatufaa sisi.

Kwamba Masifu ya Asubuhi, sala ya Kanisa ya Zaburi kila asubuhi, ni ya mapadre na masista. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza walei, waamini wa kawaida, wayasali nao, tangu mwaka 1963! Kama yote ni marefu, chukua Zaburi moja, itie sauti unayoijua, iimbe kabla hujashika simu. Narudia: kabla hujashika simu. Muuza samaki anaweza kuimaliza akiwa njiani kwenda sokoni kuwahi mnada.

Na kwamba bila kinanda na spika hakuna sifa. Umeme ukikatika katikati ya Misa, kanisa zima linageuka kunitazama, kana kwamba TANESCO ndiyo inayoadhimisha. Vinanda navipenda, nimevipigia kelele vinunuliwe. Lakini "Mtakatifu" ni wimbo wa watu wote pamoja na padre. Kwaya inaongoza tu, na inayotunga "Mtakatifu" yenye mikunjo mpaka waamini wanabaki kusikiliza imewanyang'anya chao. Giza likiingia, msinyamaze. Sauti nitaanzisha mimi, na besi, tafadhali, msikimbie mbele.