Maziwa ya ngamia: mtungi huyaharibu kabla ya jua

Kila asubuhi maziwa ya ngamia hutoka kwenye makundi yaliyotawanyika porini kuzunguka Isiolo, yakaletwa mjini kwa bodaboda, kisha yakapakiwa kwenye basi kwenda Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 280. Mengi huishia Eastleigh, mtaa wa Nairobi. Biashara hii iko mikononi mwa akina mama, na mtungi ukifika umechacha hasara ni yao. Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni joto. Joto lina sehemu yake, lakini jua halileti bakteria. Linawakuza wale waliokwisha kuingia. Wanaingia kupitia kiwele, mikono, maji ya kuoshea, na zaidi ya yote kupitia mtungi wenyewe.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu ngamia wameongezeka. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.6. Ukame ukimaliza ng'ombe, ngamia hubaki, na familia nyingi za Wasamburu na Waborana zilizokuwa za ng'ombe zimeingia kwenye ngamia. Wanaingia na mazoea ya kukama ng'ombe, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Ng'ombe ana nafasi kubwa juu ya chuchu ambamo maziwa hukusanyika yakisubiri mkamaji. Ngamia karibu hana nafasi hiyo. Maziwa yake hukaa ndani kabisa, kwenye vifuko vidogo vya kiwele, mpaka mwili uyasukume, na mwili hausukumi bila ndama. Kwa hiyo ndama huachwa anyonye kwanza, dakika moja au mbili, huku umeweka jicho kwenye chuchu. Zikijaa ghafla na kukaza, maziwa yameshuka. Mwondoe ndama lakini abaki mbele ya mama, mahali anapoweza kumwona na kumnusa. Kuanzia hapo una dakika chache tu. Ndiyo maana ngamia hukamwa na watu wawili, kila mmoja upande wake, wamesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili umekunjwa na chombo kimekaa juu ya paja. Anayekama peke yake kwa taratibu huacha maziwa mengi ndani, na siku zikipita mnyama hupunguza yale anayotengeneza. Kelele, mbwa, au mkamaji mgeni huweza kuyafunga kabisa. Ndama akifa, wafugaji wazoefu huhifadhi ngozi yake na kumnusisha mama kila wakati wa kukama. Njia hiyo inafanya kazi, na sioni sababu ya kuidharau.

Chuchu ni nne, na desturi nzuri ni kumwachia ndama mbili. Nyingine mbili hufungwa ili asizimalize akiwa malishoni. Fungeni kwa kamba laini ya magome, na ifunguliwe kila siku. Uzi wa nailoni uliokazwa hukata ngozi, kidonda hukaribisha bakteria, na ndani ya wiki chache una ugonjwa wa kiwele. Kupe wanaojishika kwenye chuchu hufanya uharibifu uleule.

Hapa kuna jambo ambalo waliotoka kwenye ng'ombe hulikosa. Kila chuchu ya ngamia ina njia mbili za maziwa, mara nyingine tatu, na kila njia ina sehemu yake ya kiwele. Njia moja inaweza kuwa na ugonjwa huku ya pili ikitoa maziwa safi. Ukiona chuchu inatoka vizuri unaridhika, kumbe nusu yake imeoza. Kabla ya kukama, toa mikamuo mitatu ya kwanza kwenye kikombe cheusi au chenye rangi nzito, na utazame vijito vyote kimoja kimoja. Ukiona chembe, usaha, damu au maji ya manjano, maziwa ya mnyama huyo hayachanganywi na ya wengine, na yeye akamwe wa mwisho. Akidungwa antibayotiki, hesabu siku za kutouza kama zilivyoandikwa kwenye chupa. Mabaki ya dawa hayaondoki kwa kuchemsha.

Ndama amemaliza kunyonya, mate yake na vumbi viko juu ya chuchu, na mkamaji ametoka kumshika ngamia mkia. Hapo kitambaa safi chenye unyevu kinatosha, kimoja kwa mnyama mmoja, na mikono ioshwe kwa sabuni. Maji yakiwa haba kabisa, lita moja kwa wakamaji wawili ni bora kuliko kutoosha. Kuloweka vidole ndani ya maziwa ili chuchu ziteleze ni kosa kubwa, maana kila unachokipata kwenye ngozi unakirudisha chomboni.

Sasa chombo. Wasomali hutumia dhiil, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na magome au kuchongwa kwa mti, na jamii nyingine za kaskazini zina vyombo vyao vya namna hiyo pamoja na vibuyu. Vyote hufukizwa moshi, na wengi mjini hudhani ni kwa ajili ya harufu tu. Moshi hufanya kazi tatu: joto la kaa hukausha kuta za ndani, kemikali za moshi huua au kudumaza bakteria, na utando unaobaki huziba vitundu ambamo maziwa ya jana yangejificha.

Namna ya kufukiza ni hii. Suuza chombo mara tu kinapomwagwa, kabla maziwa hayajakauka, kisha kianike juani kinywa kikitazama chini. Chagua mti mgumu usio na utomvu wenye sumu. Mzeituni mwitu na baadhi ya migunga ndiyo hupendwa. Choma kijiti mpaka ncha iwe kaa jekundu, puliza mwali uzime, ingiza ncha ndani, funika, na zungusha chombo ili moshi ufike kila upande. Rudia mpaka ndani pawe pakavu na moto kwa mkono. Kung'uta makaa, sugua mavumbi yake kwa brashi ya nyuzi, na subiri chombo kipoe ndipo umimine maziwa. Ukifukiza chombo kichafu, unakausha uchafu na kuupaka rangi. Na ukizidisha moshi, maziwa yanakuwa machungu na mnunuzi wa Nairobi anayakataa.

Mtungi wa plastiki wa manjano, ule uliokuja na mafuta ya kupikia, hauwezi kutunzwa hivyo. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, na mpini wake ni bomba ambamo maziwa huganda bila kuonekana. Plastiki hukwaruzika, kila mkwaruzo ni nyumba ya bakteria, na kijinga cha moto kikiingia inayeyuka. Tunashauri mitungi ya alumini yenye kinywa kipana, na ushauri huo ni sahihi, lakini nawaelewa akina mama wanaoukataa. Mtungi wa alumini ni wa bei, hukaa nafasi kubwa kwenye bodaboda na basi, na ukienda Nairobi kurudi kwake si hakika. Kwa hiyo wengi wataendelea na plastiki, na kwao nasema fanyeni hivi.

Nunueni mitungi yenye kinywa kinachopitisha mkono, hata kama ni ya lita 10 badala ya 20. Ule wenye mikwaruzo au harufu isiyotoka ubadilishiwe kazi, ubebe maji ya kufulia. Kusafisha kuanze na maji baridi. Ukianza na ya moto, protini ya maziwa inashika kwenye kuta. Kisha maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, brashi ndefu, na mkazo kwenye mpini na nyuzi za kifuniko. Suuza. Halafu tia klorini: kijiko kimoja cha chai cha dawa ya dukani yenye nguvu ya karibu asilimia 3.5 kwa kila lita ya maji, tikisa ifike kila mahali, iache dakika 10, mwaga, na pindua mtungi ukauke kabisa. Klorini haisafishi uchafu. Ikikuta mabaki ya maziwa inaishiwa nguvu hapohapo. Na mtungi usiwekewe kifuniko ukiwa na majimaji.

Uchukuzi una kanuni moja inayovunjwa kila siku: maziwa ya jana hayaingii kwenye ya leo. Lita moja iliyoanza kuchacha hubeba bakteria wa kutosha kuharibu lita 20. Maziwa ya jioni yawe na mtungi wake, na kama mjini kuna friza, yalale humo. Maziwa ya ngamia yana vikinga vya asili vinavyoyafanya yakawie kuchacha kuliko ya ng'ombe, ila vikinga hivyo hushindwa maziwa yakichafuka tangu mwanzo. Yapozwe kufikia nyuzijoto 4 haraka iwezekanavyo. Porini pasipo barafu, gunia lililoloweshwa juu ya mtungi na upepo wa mwendo husaidia, na kivuli husaidia zaidi.

Kuhusu kuchemsha nitasema wazi, najua wengi hawapendi kusikia. Maziwa mabichi ya ngamia yanaheshimiwa kama dawa. Lakini ngamia hupata brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, na binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi: homa inayokuja na kuondoka, maungo kuuma, jasho la usiku, mara nyingi ikidhaniwa ni malaria. Moshi haumalizi brusela, na kuchacha pekee hakuaminiki. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, zinatosha. Asiye na kipimajoto achemshe yapande mara moja, aepue, na apoze sufuria ndani ya maji baridi. Vitamini C, ambayo maziwa haya yanayo mara kadhaa zaidi ya ya ng'ombe, hupungua. Hasara hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na miezi ya kuumwa.

Mnunuzi naye ana vipimo vyake. Chemsha maziwa kidogo kwenye kijiko. Yakikatika, yameanza kuchacha hata kama pua haijajua. Laktomita, kipimo cha kugundua maziwa yaliyoongezwa maji, inatumika, lakini tahadhari. Imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, na maziwa ya ngamia huweza kusoma chini bila mtu kuongeza tone la maji. Ngamia akinyimwa maji, maziwa yake huzidi kuwa mepesi: majaribio ya Israel yaliyochapishwa mwaka 1980 yalionyesha maji yakipanda kutoka asilimia 86 hadi 91, na mafuta yakishuka kutoka 4.3 hadi 1.1. Inaonekana ni njia ya mama kumnywesha ndama wakati wa kiangazi. Basi katika ukame usimwite mchuuzi mwizi kwa usomaji mmoja. Linganisha na mitungi mingine iliyotoka eneo lilelile siku ileile. Mmoja ukiwa chini peke yake, hapo uliza. Ladha ya chumvi nayo si dosari, hutokana na majani aliyokula. Ngamia anahitaji chumvi nyingi kuliko mifugo mingine, na asipoipata kwenye mimea au visima vya magadi hupunguza kunywa, kisha maziwa yanapungua.

Yaliyobaki bila kuuzwa yafanyeni susa, yaani maziwa ya ngamia ya kuchachusha, lakini kwa makusudi, si kwa kusahauliwa kwenye mtungi. Pasha maziwa nyuzi 85 kwa dakika 30, yapoze hadi karibu nyuzi 25, tia mililita 20 hadi 30 za mala nzuri (maziwa lala) kwa kila lita ziwe mbegu, funika, na uache mahali penye nyuzi 27 hadi 30 kwa saa 24. Usitarajie yagande kama mtindi wa ng'ombe. Kaseini ya ngamia, protini inayogandisha maziwa, hujengeka tofauti, na susa iliyotoka vizuri hubaki nyepesi ya kumiminika, nyeupe, chachu safi. Ikitoa mapovu mengi, ikivutika kama kamasi, au ikinuka hamira, imeingiliwa; imwage, na usiichukue kuwa mbegu ya kesho. Anayependa harufu ya moshi aimimine kwenye dhiil iliyofukizwa baada ya kupasha, maana moshi wa kabla ya hapo utapotea kwenye moto.