Nyanda za Simanjiro si ardhi tupu: maelezo kwa mgeni anayekwenda Tarangire

Kila mwaka mvua za vuli zinapokwisha, wakazi wa Dar es Salaam wanaofikiria safari ya kaskazini huniandikia kuuliza mwezi unaofaa kwenda Tarangire. Kazi yangu ni ikolojia ya nyanda za malisho, kwa hiyo jibu langu huwa refu kuliko walivyotarajia. Anayetaka kuona makundi makubwa ya tembo kando ya mto aende kati ya Julai na Oktoba. Anayetaka kuelewa kwa nini hifadhi hiyo ina wanyama hadi leo anapaswa pia kufika upande wa mashariki, nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye nyanda za vijiji vya Wilaya ya Simanjiro, ambazo watu wa mjini huzifahamu zaidi kwa tanzanaiti ya Mirerani kuliko kwa nyasi zake.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa mwaka 1970 na ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,850. Uhai wake unategemea Mto Tarangire, ambao hubaki na maji wakati wa kiangazi, vijito na madimbwi ya nje yanapokuwa yamekauka. Nyumbu, pundamilia, tembo na pofu hukusanyika huko kwa ajili ya maji hayo. Mvua ikianza, hali hugeuka: maji yanapatikana kila mahali, na wanyama wengi huondoka hifadhini. Baadhi huelekea kaskazini, kupitia ushoroba wa Kwakuchinja na Manyara Ranch hadi nyanda zilizo karibu na Ziwa Natron. Wengine huelekea mashariki, Simanjiro, na huko ndiko nyumbu wengi huzalia kati ya mwishoni mwa Januari na Machi. Mwanaikolojia Hugh Lamprey, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, alieleza mienendo hii ya misimu tangu miaka ya 1960.

Sababu ya kuondoka ni lishe. Nyasi za ndani ya hifadhi, hata zinapokuwa nyingi na za kijani, zina fosforasi kidogo mno kwa nyumbu jike anayenyonyesha. Nyasi fupi za Simanjiro zina fosforasi na kalsiamu ya kutosha, na nyanda hizo ziko wazi kiasi kwamba simba hawezi kumkaribia ndama bila kuonekana kutoka mbali. Hifadhi, kwa maneno mengine, ni kisima cha kiangazi. Chakula cha kulea watoto kiko kwenye ardhi ya vijiji, chini ya mamlaka ya mikutano mikuu ya vijiji kama Terrat, Sukuro na Emboreet. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama ni mali ya umma popote anapokuwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi anayokanyaga iko chini ya usimamizi wa kijiji. Migogoro mingi utakayoisikia ukifika huko huanzia katika mgawanyo huo wa mamlaka.

Mgeni akisimama kwenye uwanda huo mwezi wa Februari ataona nyumbu na pundamilia wengi, swala tomi wametapakaa kila upande, na hataona ng'ombe. Nimewasikia watu wenye elimu nzuri na nia njema wakisema mahali hapo kwamba eneo halina mwenyewe, na kwamba Serikali ingeweza kulichukua lote au kulikabidhi kwa wawekezaji wa kilimo bila kumuumiza mtu. Kauli hiyo haina msingi, na ningependa kila msafiri aelewe kwa nini, kwa sababu uamuzi mwingi kuhusu ardhi hiyo hupimwa kwa macho ya watu waliopita siku moja.

Ng'ombe hawapo kwa sababu wafugaji wamewaondoa kwa makusudi. Nyumbu hubeba virusi ambavyo yeye mwenyewe havimdhuru. Karibu kila ndama wa nyumbu huambukizwa katika miezi yake ya mwanzo, na katika kipindi hicho hutoa virusi kwa wingi kupitia kamasi na machozi, vikabaki kwenye majani mabichi yenye unyevu. Ng'ombe akila majani hayo au akiwakaribia ndama hao, hupata homa kali, macho huingia ukungu, pua hutoa uchafu mzito na midomo hupata vidonda, kisha hufa. Wanaopona ni wachache sana, na tiba haipo. Ugonjwa huo hausambai kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, na binadamu haumpati, lakini mfugaji aliyechelewa kuhama kwa wiki moja anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kundi lake. Chanjo ya majaribio imewahi kupimwa huko huko Simanjiro ikaonyesha kinga isiyo kamili. Kinga anayoitegemea mfugaji ni umbali.

Kwa hiyo nyumbu wanapoanza kuzaa, Wamaasai huwaondoa ng'ombe kwenye malisho bora kuliko yote ya mwaka na kuwapeleka kwenye vichaka na miinuko, mahali penye majani duni, kupe wengi na mbung'o. Maziwa hupungua wakati ule ule ambao, kwa kuangalia mvua, yangepaswa kuongezeka. Gharama hiyo hulipwa na akina mama wanaokamua na watoto wanaokunywa, na haiandikwi kwenye hesabu yoyote ya uhifadhi ninayoifahamu. Wazee wengi hueleza kwamba ugonjwa hutokana na kondo la nyuma linalobaki majanini baada ya nyumbu kuzaa. Maabara zimeonyesha kuwa chanzo kikuu ni ndama wenyewe. Hata hivyo utaratibu wa kukaa mbali hadi ndama wakue unafaa kwa maelezo yote mawili, na ulikuwepo kabla virusi havijajulikana. Ndama wakishapita umri huo na mvua zikakatika, nyumbu hurudi mtoni na ng'ombe huingia uwandani. Ardhi ile ile imetumika na pande zote mbili kwa zamu, na kipindi ambacho mgeni aliona utupu ni zamu ya nyumbu.

Utaratibu huo una sehemu nyingine ambazo hazionekani kwa mpita njia. Karibu na maboma kuna alalili, malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya ndama, wagonjwa na ng'ombe wanaokamuliwa, ambayo ng'ombe wakubwa hawaruhusiwi kuyaingia hadi kiangazi kikaze. Mbali zaidi kuna malisho ya akiba ya miaka mibaya. Ukame wa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua maelfu ya mifugo Simanjiro, na mtu aliyeziona barabara za wilaya hiyo wakati ule, zikiwa na mizoga pembeni, hawezi kuiita akiba hiyo ardhi isiyotumika. Lipo pia jambo ambalo mimi hulionyesha kila ninapopata nafasi: duara la nyasi fupi, za kijani iliyokolea, katikati ya uwanda uliopauka. Mara nyingi hapo palikuwa na boma lililohamwa. Samadi iliyolundikana kwa miaka huurutubisha udongo, na wanyamapori huja kula hapo muda mrefu baada ya watu kuondoka. Utafiti uliofanyika upande wa Narok, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa rutuba ya maboma ya wafugaji wa kale bado ipo ardhini baada ya miaka kati ya 1,550 na 3,700. Ukiinama na kulinganisha majani ya ndani ya duara na ya nje utaona tofauti kwa macho: ya ndani yamekatwa chini na meno, ya nje yamesimama na kukauka.

Sitaki kuipamba picha hii. Idadi ya nyumbu wa mfumo wa Tarangire ilianguka kutoka makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi elfu chache mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutokana na kilimo kilichoziba mapito, makazi yaliyotapakaa na uwindaji. Wamaasai wenyewe siku hizi wanalima mahindi na maharage, na wana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa familia yenye ng'ombe wachache haiwezi kula maziwa peke yake, na shamba lililolimwa huonekana kuwa na mwenyewe mbele ya ofisa yeyote. Simba na fisi nao hula mifugo. Sheria inatoa kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, lakini kifuta jasho hakifikii thamani ya ng'ombe. Kilichosaidia zaidi katika vijiji kama Loibor Siret ni uzio hai: badala ya miiba mitupu, boma huzungushiwa nguzo za miti ya jamii ya manemane, ambayo tawi lake likichomekwa ardhini huchipua, kisha hufungwa wavu wa waya kati ya nguzo. Miti hukua, wavu hubaki umeshikwa imara, na simba hapati pa kupenya usiku. Simba ambaye hakuingia bomani hatafuatwa kwa mkuki wala kwa sumu asubuhi.

Kuhusu safari yenyewe, treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na kutoka hapo barabara ya Kondoa na Babati inakufikisha Kwakuchinja, njia panda ya kuingilia hifadhini. Njia ya zamani ya Chalinze, Same na Moshi nayo ni nzuri. Kwenda Terrat na Orkesumet barabara huanzia Arusha. Udongo wa uwandani ukilowa hunasa gari lolote, kwa hiyo Machi inapoelekea Aprili nenda na dereva mwenyeji au usiende. Ada za hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba, si kwa fedha taslimu, na kiwango cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje. Acha nyumbani nguo za buluu na nyeusi, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo.

Kijijini hufiki bila taarifa. Nenda kwanza ofisi ya kijiji, uonane na mwenyekiti au mtendaji, ueleze unakotaka kwenda na kwa muda gani, na kama utaingia bomani omba upelekwe kwa laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, wa eneo hilo. Msalimie mama mzee kwa takwenya, naye ataitika iko. Watoto watakuinamishia kichwa, nawe uwaguse utosini kwa kiganja, kwa maana mtu mzima asiyewagusa amewanyima salamu. Usihesabu ng'ombe wa mtu kwa sauti wala kumuuliza ana wangapi. Ni sawa na kumuuliza mkazi wa Sinza salio lake la benki mbele ya majirani. Ukikaribishwa maziwa, yatatoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na ladha ya moshi utakayoisikia ni ya usafi. Picha ya mtu iombwe kabla simu haijainuliwa. Kama kuna bei, ielezwe mapema na yule anayepigwa picha, si na kijana aliyejipa udalali. Ng'ombe wakiwa wanakunywa kisimani, gari lisimame mbali. Zamu ya maji imepangwa kwa saa, na kundi likitawanyika mchungaji anaweza kuipoteza.

Malipo yanastahili uangalifu mkubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 kijiji cha Terrat kiliingia makubaliano na kampuni za utalii: kampuni zilipe kila mwaka, na kijiji kiache uwanda wa mazalia bila kilimo wala makazi ya kudumu, huku ng'ombe wakiendelea kulishwa kwa zamu yao ya kawaida. Ninayaona makubaliano hayo kuwa ya busara kuliko mengi yaliyopendekezwa tangu hapo, kwa sababu yaliifuata kalenda ambayo wafugaji walikuwa nayo tayari. Vijiji kadhaa vya kaskazini vimeongeza ulinzi kwa kupata hati za hakimiliki ya kimila za pamoja kwa ajili ya malisho, na vingi vina mpango wa matumizi ya ardhi wenye ramani unayoweza kuomba kuonyeshwa. Iombe, kwa kuwa utaona kwa rangi mahali pa malisho, pa wanyama na pa mashamba, na utatambua kuwa uwanda uliodhani ni mtupu una mistari.

Baada ya hapo lipia katika ofisi au akaunti ya kijiji na udai stakabadhi, hata kama kiasi ni kidogo na hata kama dereva anasema atakusaidia kufikisha. Mapato ya kijiji hupaswa kusomwa mbele ya mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo watu wanaotaka kuugawa uwanda kuwa mashamba hubishana na wanaotaka ubaki malisho. Fedha iliyopitia mfukoni mwa mtu haisomwi, na wanaotetea malisho huingia kwenye ubishi huo bila tarakimu ya kuonyesha, wakati wenzao wana bei ya gunia la maharage ya msimu uliopita.