Blighty na Ulaya ni ndugu

Katika barua za askari wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, neno Blighty halikosekani. Siku hizi anayelitumia ama ni mzee ama anatania. Maana yake ni nyumbani, yaani Uingereza, ila neno lenyewe limetoka mbali na Uingereza.

Sisi tunaochimba asili za maneno tunalifuata hadi India. Kwa Kihindustani, vilayati ni kitu cha ng'ambo, hasa cha Kizungu. Wengine hutamka bilayati. Kamusi ya Hobson-Jobson, ya Yule na Burnell, iliyochapishwa 1886, inataja bilayati pani, maji ya soda, na nyanya iliyoitwa biringanya ya bilayati. Askari wa Kiingereza waliokuwa huko walilidaka, wakalimeza katikati, wakaligeuza jina la kwao.

Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyolisambaza. Na kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji likazaa maana nyingine, ambayo mimi ndiyo inayonivutia zaidi: Blighty ni jeraha. Si jeraha lolote, lakini. Tuseme risasi imepita kwenye nyama ya paja, mfupa haukuguswa, roho haiko hatarini, ila kupigana huwezi tena kwa miezi kadhaa. Unapakiwa treni, kisha meli ya hospitali, na ukibahatika unashushwa Southampton huku wenzako uliowaacha matopeni wakikuonea kijicho. Wapo waliojipiga risasi ya mkono au mguu kwa makusudi. Wakigundulika, walifikishwa mahakama ya kijeshi.

Wahindi nao vilayati hawakuitunga. Iliwafikia kupitia Kiajemi, kutoka Kiarabu: wilaya, yaani eneo lililo chini ya mtawala. Hapo msomaji wa Kiswahili keshaelewa tunakoelekea. Neno hilohilo ndilo lililotupa Ulaya, kisha tukaliazima tena likawa wilaya, hii yenye mkuu wa wilaya. Na mtawala wake, al-wali, kwetu pwani akawa liwali.

Hata mazoea ya kubandika jina hilo kwenye vyakula vigeni tunayo. India walikuwa na biringanya ya bilayati, sisi sokoni tuna viazi ulaya, na mimea yote miwili asili yake ni Amerika Kusini.