"Jambo Bwana" si wimbo wa jadi: dhana potofu na ukweli

Katika hoteli za ufukweni mwa ziwa hapa Mwanza, watalii waliotoka Serengeti wakishakula chakula cha jioni hutumbuizwa kwa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma. Ngoma zikinyamaza, mpiga kinanda huingia na "Jambo Bwana", huku wahudumu wakipiga makofi nyuma ya keki ya mgeni anayeadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Mshereheshaji huvitangaza vyote viwili kuwa ni sanaa ya asili, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba huu ni wimbo wa mababu, usio na mtunzi. Ukweli ni kwamba uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison, kiongozi wa Them Mushrooms, bendi ya Mombasa iliyoanzishwa na yeye pamoja na ndugu zake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ukatoka kwenye santuri mwaka 1982. Bendi hiyo ilikuwa ikipiga muziki katika hoteli za kitalii za pwani ya Kenya, na ndiyo sababu maneno yake ni salamu, makaribisho na kumtoa mgeni wasiwasi, yakiwa yamepangwa kwa wepesi ambao hata asiyejua Kiswahili huyashika usiku huohuo. Wepesi huo ni kazi ya fundi aliyewajua wasikilizaji wake, lakini wengi wanauchukulia kuwa dalili ya ukale.

Tena, sisi wa Usukumani hatukupaswa kuamini kirahisi kwamba wimbo wa jadi hauna mwenyewe. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Kisukuma, ambayo hufanyika pia Bujora, Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo, kila ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, huja na tungo zake, na watazamaji hujua wimbo upi ni wa nani. Ikiwa mtunzi wa ngoma hupewa haki yake uwanjani, sioni kwa nini mtunzi wa muziki wa dansi anyimwe yake hotelini.

Wapo wanaodai kwamba wimbo ulitoka kwenye filamu ya The Lion King. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1994, miaka 12 baadaye, na wimbo wake wa "Hakuna Matata" ni mwingine kabisa, wenye muziki wa Elton John na maneno ya Tim Rice. Wengine huutaja kuwa wa Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani, ambalo kwa kweli liliurekodi kwa namna yake, lakini mwaka 1983, baada ya Them Mushrooms.

Dhana ya mwisho ni yetu wenyewe: kwamba wimbo ni wa Tanzania, kwa kuwa tumezoea kuusikia ukitaja "Tanzania yetu", hasa kwa wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro. Maneno ya awali ni "Kenya yetu". Kubadili jina la nchi ili kumkaribisha mgeni hakuna ubaya, mradi jina la mtunzi lisipotee njiani. Harrison alifariki mwaka 2024, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mtunzi huendelea kulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, yaani hadi mwisho wa mwaka 2074.